Msongamano waweza kusaidia kunasa virusi

ABIRIA anayetaka kushuka kwenye matatu iliyojaa hujua kwamba tatizo si mlango bali ni watu. Lakini watu hao hao wakisukumana kutoka nyuma, hujikuta yuko nje kabla ya kujua alivyoshuka.

Ndani ya mwili hali ni kama hiyo. Seli si mfuko wa maji matupu. Protini na molekuli nyingine kubwa hujaza kati ya asilimia 20 na 30 ya nafasi yake. Uzi mrefu kama DNA ukibanwa hivyo hukosa nafasi ya kujipinda, na ukipata kitundu huelekea upande ulio na nafasi zaidi.

Jambo hili lamhusu mgonjwa kwa sababu siku hizi viini vya maradhi hutambuliwa kwa kupitisha nyuzi zao za urithi katika vitundu vya aina hiyo. Umeme huuvuta uzi, na kila sehemu inayopita huziba kitundu kwa kiasi chake. Kompyuta husoma mkondo unavyopungua na kuongezeka.

Mwaka wa 2015, wakati wa Ebola nchini Guinea, wanasayansi walisafiri na mashine za namna hiyo, ndogo za kushikwa mkononi. Walichunguza sampuli 142, na baadhi ya majibu yalipatikana chini ya saa 24 tangu sampuli kupokelewa. Hapa kwetu, watafiti wa KEMRI-Wellcome mjini Kilifi walitumia teknolojia hiyo kufuatilia virusi vya korona kuanzia 2020.

Kasoro ni kwamba damu ya mgonjwa huweza kuwa na nyuzi chache mno. Kule Guinea ilibidi kwanza zinakiliwe mara nyingi maabarani, kazi inayokula muda na kuhitaji kemikali zinazotunzwa kwenye baridi.

Hapo ndipo msongamano unapoingia. Mwaka wa 2020, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, walitumia bomba la kioo lenye ncha yenye kitundu. DNA waliiweka ndani, na nje wakajaza PEG, kemikali ambayo pia hutumiwa katika dawa za kulainisha choo na krimu za ngozi.

Kwa mfano wetu wa matatu, umati uliosimama nje ungefaa kumzuia abiria. Haikuwa hivyo. Nyuzi zilizonaswa ziliongezeka na alama ya kila mmoja ikawa wazi zaidi. Matatu, kumbe, haielezi kila kitu: PEG hushikana na ayoni za chumvi, na kubadilisha mkondo wa umeme pale mlangoni.

Hiyo bado ni kazi ya maabara, na hakuna kliniki ya mtaani utakayoikuta leo. Lakini kila uzi wa ziada unaonaswa hupunguza haja ya kunakili, na muuguzi aliye mbali na jokofu atauelewa uzito wa jambo hilo bila kuelezwa.