Hesabu Kilimia Kabla Taa Hazijazidi

Mkazi wa Kariakoo au Manzese akitazama juu usiku usio na mawingu huona nyota chache mno: zile zenye nguvu, sayari moja au mbili, na mwezi ukiwepo. Nyingine zote ziko palepale, juu ya paa lake kama zilivyo juu ya mashamba ya Handeni, ila nuru yake hufika chini ikiwa dhaifu kuliko mng'ao wa anga la jiji. Kutoka Dar es Salaam hadi Korogwe au Handeni ni kama kilomita 200 kwa mstari ulionyooka, na umbali huo unatosha kuzirudisha maelfu.

Wilaya hizi mbili za Mkoa wa Tanga bado zina anga ambalo majiji mengi yamekwisha kulipoteza. Taa nazo zinaongezeka, na ni haki ya watu kuwa nazo. Ninachotaka msomaji akielewe ni kwamba taa na nyota vinaweza kukaa pamoja, ikiwa taa zitafungwa kwa akili.

Jiji linavyoficha nyota

Taa isiyo na kifuniko hurusha sehemu ya nuru yake pembeni na juu. Nuru hiyo ikikutana na molekuli za hewa, vumbi, moshi na mvuke hutawanyika kila upande, na sehemu yake hurudi machoni petu. Dar es Salaam, yenye watu zaidi ya milioni 5 kwa sensa ya 2022 na hewa ya bahari iliyojaa unyevu, ina taa za kutosha na mvuke wa kutosha kuligeuza anga lake kuwa la kijivu usiku kucha.

Rangi ya taa nayo ina uzito. Molekuli za hewa hutawanya nuru ya bluu, yenye mawimbi ya nanomita 450, karibu mara tatu zaidi ya nuru ya rangi ya chungwa ya nanomita 600. Ndiyo maana taa nyeupe kali za LED, zenye bluu nyingi, hung'arisha anga kuliko taa za zamani za sodiamu hata pale zinapotoa nuru ya kiasi kilekile.

Habari njema ni kwamba mng'ao huo hupungua haraka ukilipa jiji kisogo. Kwa kanuni ambayo wanaastronomia wameitumia tangu miaka ya 1970, ukiongeza umbali mara mbili mng'ao unashuka kwa zaidi ya mara tano. Kwa hiyo anayelala Kabuku au Sindeni, huko Handeni, hasumbuliwi sana na taa za Dar es Salaam. Taa iliyo karibu naye ndiyo ya kuangaliwa.

Jicho zuri, mahali penye giza kamili, lingeweza kuona nyota kama 9,000 katika anga zima la dunia. Kwa wakati mmoja nusu yake huwa chini ya upeo, na hewa nzito ya karibu na ardhi hufifisha nyingine, hivyo mtu hubaki na kama 2,500 hadi 3,000. Katikati ya jiji lenye taa nyingi hubaki mia mbili au pungufu.

Hali hii ni ya dunia nzima. Atlasi ya anga la usiku iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya binadamu wanaishi chini ya anga lililochafuliwa na taa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2023, uliotegemea maelfu ya watu wa kawaida waliotazama nyota kwa macho yao kati ya 2011 na 2022, ulikadiria kuwa anga linazidi kung'aa kwa karibu asilimia 10 kila mwaka. Kwa kasi hiyo, mtoto aliyezaliwa mahali panapoonekana nyota 250 ataona 100 tu akitimiza miaka 18.

Kupima anga bila chombo

Kipimo cha kwanza ni Kilimia, kishada cha nyota zilizokaribiana. Wakulima wa pwani walikitumia kufuata misimu, kwa sababu huzama magharibi jioni wakati wa masika na kurudi alfajiri ya Juni mvua zikiwa zimepungua. Novemba, wakati wa vuli, huchomoza mashariki jioni. Mwezi wa Januari, saa mbili usiku, huwa kimesimama juu upande wa kaskazini, na anga la kiangazi mara nyingi huwa safi.

Hesabu nyota zake. Mwenye macho mazuri aliye gizani huona sita bila shida, na wengine huona zaidi. Ukipata tatu au nne, mahali ulipo pana mng'ao mkubwa. Ukiona doa tu lisilogawanyika, uko chini ya anga la jiji kubwa. Nuru unayoihesabu iliondoka huko kama miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kujenga Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1593.

Kipimo cha pili ni Salibu, kundi la nyota lenye umbo la msalaba. Mwanzoni mwa Juni, saa mbili usiku, Salibu husimama wima upande wa kusini, na wakati huohuo nyota saba za Dubu Mkubwa huwa kaskazini, juu ya milima ya Usambara kwa anayetazama kutoka Korogwe. Korogwe na Handeni ziko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo katika mwaka mmoja mkazi wake huona nyota zote za kusini na karibu zote za kaskazini. Mtu wa London hawezi kuiona Salibu akiwa kwake. Nyota nne za Salibu huonekana hata mjini. Ya tano, iliyo ndogo, inahitaji anga zuri zaidi. Ukiona pia lile doa jeusi lililo kandokando ya Salibu, wingu la vumbi linaloziba nyota za nyuma yake, basi uko mahali penye giza la kweli.

Kipimo cha tatu ni Njia Nyeupe, mkanda wa nyota za galaksi yetu. Mwezi wa Agosti, kwenye kipupwe, saa tatu usiku, sehemu yake nene kuliko zote hupita karibu na utosi, jirani na kundi la Nge. Dar es Salaam huioni. Kijijini Handeni, mbali na barabara kuu na usiku usio na mwezi, inajionyesha yenyewe.

Anayebaki jijini afanye nini

Asikate tamaa. Mwezi, Zuhura, Mshtarii, Mirihi na Zohali huonekana katikati ya jiji. Hata utafutaji wa mwezi mwandamo hauharibiwi sana na taa, kwa kuwa hufanyika magharibi wakati anga bado lina nuru ya jua. Adui wake mkubwa ni mawingu na ukungu. Kwa nyota, tafuta ukuta au mti wa kukukinga na taa iliyo karibu, tazama utosini ambako hewa ni nyembamba, na uyape macho dakika 20 hadi 30 yazoee giza. Ukitazama simu mara moja tu, kazi hiyo inaanza upya. Darubini ndogo ya macho mawili itakuonyesha nyota nyingi za Kilimia na miezi minne mikubwa ya Mshtarii ukiwa juu ya paa la ghorofa.

Uamuzi ulio mezani

Korogwe ina sehemu katika historia ya taa za nchi hii. Kituo cha Hale, kwenye Mto Pangani, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1964, kikiwa na uwezo wa megawati 21. Leo Bwawa la Julius Nyerere lililoko Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, limebadilisha kabisa hesabu ya umeme wa taifa, na Wakala wa Nishati Vijijini umefikisha nguzo kwenye vijiji ambavyo miaka ishirini iliyopita vilitegemea vibatari. Mama mjamzito anafika zahanati penye mwanga. Mwanafunzi anasoma usiku. Hakuna nyota inayostahili kuwanyima hayo.

Lakini nuru inayopaa angani haimsaidii mama wala mwanafunzi. Inalipiwa kwa uniti za LUKU kisha inapotea. Taa kali isiyofunikwa humwumiza macho hata mwenda kwa miguu, akashindwa kuona shimo lililo kivulini.

Tiba inajulikana: taa ifunikwe juu na kuelekezwa chini, iwe ya rangi ya njano, kelvini 3,000 au chini yake, nguvu yake itoshe kazi bila kuzidi, na ipunguzwe au izimwe pasipo na mtu. Mji wa Flagstaff, Marekani, ulianza kuweka sheria za taa mwaka 1958, na hadi leo wakazi wake wana barabara zenye mwanga na Njia Nyeupe juu yao. Afrika Kusini ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda anga la maeneo yake ya uchunguzi wa nyota.

Halmashauri za Korogwe na Handeni hazihitaji kusubiri sheria ya taifa. Zinaponunua taa za barabarani na za stendi, ziandike masharti haya kwenye zabuni. Kuchagua kifuniko na rangi siku ya kununua hakuongezi gharama kubwa. Kubadilisha mamia ya taa baadaye kutakula bajeti ya zahanati. Walimu wa sayansi nao wawape wanafunzi kazi ya kuhesabu Kilimia kila Januari na kuandika idadi kwenye daftari la shule. Baada ya miaka kumi shule itakuwa na ushahidi wake yenyewe, na diwani atakayeulizwa kuhusu taa ataulizwa kwa takwimu.