Safari ya gari na washikaji: Panga nusu, nusu iachie barabara

Kuna homa imeingia mjini. Kaa kijiweni dakika kumi tu, lazima utamsikia mtu anasema: "Jamani, tukodi gari, tuchange wese, tutoke nje ya Dar!" Wote wanashangilia. Kesho yake linafunguliwa kundi la simu, na ugomvi unaanzia hapo hapo.

Upande mmoja kuna wale wa ratiba. Hao wanataka kujua mtakunywa chai saa ngapi na wapi, na nani atakaa dirishani. Upande wa pili kuna wale wa "tutajua mbele kwa mbele". Ukiwauliza mtalala wapi, wanakuona mshamba.

Mimi nimekwenda Mbeya kwa barabara mara mbili, kila mara na kundi moja kati ya hayo. Njia ilikuwa ile ile ya Tanzam, kilomita 800 na ushee, na gari lilikuwa Noah ya kukodi. Acha niwape nilichokiona, kabla hamjatoa hela zenu mfukoni.

Wenzetu wa Marekani wana ujanja wao. Wanafunga nyumba nzima nyuma ya gari, trela lenye kitanda, jiko na choo humo humo. Hata hivyo nao wanabishana kama sisi, maana trela nalo linataka mahali pa kulala, na kambi za hifadhi maarufu kama Yosemite hujaa miezi kadhaa kabla. Sasa kama mwenye kitanda mgongoni anapanga, sisi wa Noah ambao kitanda hakitufuati tufanyeje?

WA RATIBA

Safari ya kwanza tulikuwa na mkuu wa msafara aliyechapa karatasi kabisa. Saa 11 alfajiri tunatoka Kimara, saa 2 chai Morogoro, saa 4 tunavuka Mikumi, saa 8 mchana tunakula Iringa. Kwenye karatasi ilipendeza, bwana.

Lakini karatasi haikujua kwamba kila kijiji ni kilomita 50 kwa saa na trafiki yuko chini ya mti na tochi yake. Haikujua kwamba barabara inapita katikati ya Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, ambako twiga akiamua kuvuka unamsubiri. Ukimgonga mnyama pale, faini yake inahesabiwa kwa dola. Zaidi ya yote, haikujua Kitonga. Siku ile lori lilikuwa limeharibika kwenye kona ya mlima, tukakaa kwenye foleni saa tatu nzima.

Kilichonitisha si foleni. Ni kilichofuata. Mwenye ratiba alianza kumsukuma dereva: "Kanyaga baba, tumechelewa!" Tumechelewa wapi? Hakuna aliyekuwa anatusubiri. Karatasi ndiyo iliyokuwa imeshika usukani. Siku ya pili tukaipita Isimila, kilomita kama 20 tu kutoka Iringa mjini, kwenye zile nguzo za udongo na zana za mawe za watu wa kale. Kibao tulikiona, gari halikusimama. Isimila haikuwa kwenye ratiba.

WA TUTAJUA MBELE

Kundi la pili lilikuwa raha tupu, kwa masaa ya mwanzo. Ruaha Mbuyuni tulisimama kununua vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Kwenye ile mibuyu tukapiga picha mpaka tukachoka. Isimila tulizurura bila kuangalia saa.

Saa 1 usiku tukawa Makambako, upepo wa baridi unatupiga, na hakuna aliyejua tunalala wapi. Dereva, ambaye alikuwa kwenye usukani tangu alfajiri, akasema tumalizie tu mpaka Mbeya tuokoe hela ya gesti. Bado kilomita kama 170, usiku, kwenye barabara ya malori. Wengi wakakubali. Mimi nikashuka na begi langu. Niliitwa mwoga, niliitwa bibi harusi, nikasema sawa. Mwishowe wote wakashuka, tukapata vyumba viwili kwa watu sita, gesti ya tatu tuliyoiuliza.

Asubuhi hatukufika mbali, tukalikuta lori limekufa katikati ya njia yetu. Halikuwa na taa. Nyuma yake palikuwa na matawi tu ya miti yaliyotupwa barabarani, alama ambayo kila dereva wa njia hiyo anaijua, lakini usiku inaonekana ukishafika. Ndani ya Noah hakuna aliyesema neno mpaka Igawa.

Hilo halikutosha. Tulipofika Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wawili walikuwa wamekauka. Kila mtu alikuwa na hela yake mfukoni, hakuna aliyekuwa anaandika nani kalipa mafuta na nani kalipa chakula. Ukazuka ugomvi wa sh. 40,000. Wale wawili walikaa chumba kimoja chuoni miaka mitatu. Mpaka leo hawasalimiani.

Ila haki itendeke. Siku tamu kuliko zote ilikuwa ya kundi hili hili. Mama mmoja aliyetuuzia samaki alituambia kesho ni Jumamosi, kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, jirani tu. Tukabaki siku nzima. Wale wa ratiba wangekuwa wameshaondoka alfajiri.

VYA KUPANGA KABLA

Baada ya safari hizo nimejiwekea msimamo. Panga yale ambayo yakienda vibaya hayarekebishiki. Mengine yaache.

Kwanza, gari na dereva. Tairi la akiba lenye upepo, jeki, bima hai, mtungi wa kuzimia moto na zile pembetatu nyekundu za kuweka barabarani gari likiharibika. Halafu muwe na madereva wawili wenye leseni, si mmoja na washangiliaji watano.

Pili, saa ya kuzima gari. Kubalianeni mkiwa bado Dar: saa 12 jioni gari linalala, popote mlipo. Ukisubiri kujadili hilo Makambako usiku, aliyechoka ndiye atakayeamua.

Tatu, kitanda cha usiku wa kwanza. Siku hiyo ndiyo ndefu kuliko zote na foleni ya kutokea Dar haina adabu. Piga simu, weka nafasi Morogoro au Iringa. Usiku unaofuata, piga simu mchana wa siku hiyo hiyo.

Nne, mfuko mmoja. Mchague mhasibu, mpeni hela yote kabla ya kuondoka, naye aandike kila shilingi. Hela ya mafuta ya kurudi na ya dharura ikae pembeni, haiguswi hata kwa nyama choma. Na kama mnaingia hifadhi za taifa, jueni getini hawapokei pesa taslimu. Andaeni kadi au namba ya malipo mapema.

Tano, msimu. Kitulo, ile hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 ambayo wengi wanaiita Bustani ya Mungu, maua yake huchanua wakati wa mvua, kuanzia kama Desemba hadi Aprili. Mvua hiyo hiyo ndiyo inayogeuza barabara za kule juu kuwa utelezi, na Noah yenu haina ubavu huo. Ukienda Julai utapata njia kavu, lakini maua machache na baridi ya kugonganisha meno. Hilo huwezi kulijua mbele kwa mbele. Amua ukiwa nyumbani.

VYA KUACHIA BARABARA

Chai mtakunywa wapi, mtasimama mara ngapi, picha mtapiga mti gani: hayo yasipangwe. Kama mna siku sita, pangeni tano, moja iacheni tupu kabisa bila kuipa jina. Kitonga ikifunga, siku hiyo itawafidia. Isipofunga, mtakutana na mama wenu wa samaki.

Wiki moja kabla ya kuondoka, kaeni chini muulizane maswali matatu tu: nani anaendesha, hela anashika nani, na gari linazimwa saa ngapi? Mkipata majibu bila kununiana, fungeni mabegi. Mkishindwa kukubaliana mkiwa mmekaa kwenye viti vya kijiweni, ahirisheni. Mbeya haihami, lakini rafiki wa miaka mitatu anaweza kuondoka kwa sh. 40,000.