Tofali la Uyoga Laanza Kazi Namibia

Uyoga tumezoea kuuona chunguni, si ukutani. Lakini mjini Windhoek, nchini Namibia, mradi uitwao MycoHAB umejenga nyumba kwa matofali yatokanayo na uyoga, iliyokamilika mwaka 2024.

Nchi hiyo kavu ina adui asiyebeba bunduki: vichaka vilivyovamia malisho na kunyonya maji ya ardhini. Vichaka hivyo hukatwa, husagwa, kisha hupandwa mbegu za uyoga. Uyoga ukikomaa huvunwa kwa chakula. Makapi yanayosalia huwa yamefumwa na nyuzi nyeupe za kuvu, zishikazo kama gundi. Makapi hayo hushindiliwa kwa mashine na kuokwa, ili kuvu ife isiendelee kukua. Hapo tofali limepatikana.

Sisi tuliolala katika mabanda ya bati twajua thamani ya ukuta uzuiao joto la mchana na baridi ya usiku. Tofali hili lina sifa hiyo.

Hata hivyo, askari haiamini silaha kabla ya kujua udhaifu wake. Mwaka 2014, mjini New York, ulisimamishwa mnara wa matofali mepesi ya jamaa hiyo yapatayo 10,000. Ulipobomolewa baada ya msimu mmoja, matofali yaligeuzwa mboji. Kitu kiozacho hivyo hakivumilii unyevu. Kwa hiyo ukuta wa uyoga wataka msingi ulioinuka, paa lisilovuja na mkaguzi asiyelala. Akikosekana huyo, ardhi itaudai ukuta wake.