Maji ya Paa Lako Yanakwenda Wapi?

Simama barazani siku mvua ya masika inaposhuka Madale, Dar es Salaam, utazame ukingo wa bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita 100 za mraba, likipigwa na mvua ya milimita 30, linamwaga lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita ishirini. Ikiwa uwanja mzima umetandikwa pevingi, maji hayo hayana pa kuzama. Yanatoka getini, yanashika njia na kwenda kuchimba korongo mbele ya jirani wa chini. Kazi yangu ni kusanifu bustani, na nikiitwa kwenye kiwanja kipya sianzi kuuliza mwenyeji anapenda maua gani. Naanza na maji ya paa.

Jiji hili limeshaonja machungu ya pande zote mbili, maji kuzidi na maji kupungua. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40, na familia za Bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yakapungua, tukaingia kwenye mgao. Ukoka uliozoea mpira wa maji kila jioni haustahimili maisha hayo.

Kibonde cha kupokea maji ya paa kinastahimili. Kichimbe hatua nne au tano kutoka kwenye msingi, mbali na karo, kina chake sentimita 20 tu, na kingo zake zilale taratibu mithili ya sinia. Gata la paa lielekee humo. Katikati panda migomba na magimbi, maana hayo hupenda kulowa. Kingoni panda mchaichai, mizizi yake ishike udongo. Juu, panapowahi kukauka, weka mshubiri. Chamazi na Mbagala, penye mchanga, maji hunywewa upesi mno, kwa hiyo fedha yako iende kwenye mboji na matandazo. Penye mfinyanzi, kibonde kiwe kipana zaidi na kina kipungue. Maji yasituame zaidi ya siku mbili. Mbu huhitaji takriban wiki nzima kutoka yai hadi kuruka, na mji uliougua homa ya dengue mwaka 2014 na tena 2019 hauna ruhusa ya kusahau hilo. Hata visahani vya chini ya vyungu vya maua vimwagwe.

Mahali penye maji na kivuli, viumbe hufika bila kualikwa. Mshubiri ukichanua utamwona chozi amening'inia kwenye kikonyo, mdomo wake uliopinda umezama ndani ya ua, manyoya ya paji yamepakwa chavua. Ndege wadogo kama yeye wanateswa na kunguru weusi, walioletwa Zanzibar kutoka India katika miaka ya 1890 na baadaye wakaenea bara. Kunguru hula mayai na makinda. Bogenvilia yenye miiba iliyosongamana huwapa wadogo pa kujificha, na pipa la taka lenye mfuniko humnyima kunguru chakula.

Kwa miti mikubwa, mimi huchagua mkwaju na mzambarau. Mstari wa miashoki huficha ukuta, lakini hautandazi kivuli cha kukalia. Jirani ya Mabwepande kuna msitu wa Pande, mojawapo ya sehemu chache duniani anakoishi komba wa Rondo, mnyama mdogo wa usiku aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1997 na aliye hatarini kutoweka. Bustani haiwezi kuchukua nafasi ya msitu huo. Lakini ndege na popo huruka mbali kutafuta matunda, na kila mti uzaao huwapa kituo.

Najua watu wanaogopa nyoka, na hofu hiyo naiheshimu. Acha mita mbili wazi kuizunguka nyumba, ondoa marundo ya matofali na taka ambako panya huzaliana, maana nyoka hufuata panya. Lakini majani yaliyoanguka chini ya mwembe yasichomwe. Yafagie yarudi shinani, yatunze unyevu.

Na ukikuta kwenye mlimao kitu kama kinyesi cha ndege, kahawia chenye doa jeupe, usikifute. Ni kiwavi. Akikua anageuka kijani, na ukimgusa anachomoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini zenye harufu kali. Atakula majani, ndiyo, lakini mlimao uliokomaa huchipua tena. Ikiwa mche ni mchanga, mhamishie kwenye mti mkubwa, kwenye jani la juu. Baadaye atajifunga kwenye kijiti na kutulia, hadi asubuhi moja umkute kipepeo mweusi mwenye madoa ya njano ameshikilia ganda lake tupu, anasubiri mbawa zikauke.