Je, Mchezo wa Vita Humfundisha Mtoto Ukatili?

Tarehe 20 Aprili 1999 vijana wawili waliingia na silaha katika shule yao ya Columbine, jimboni Colorado nchini Marekani, wakawaua siku ile wanafunzi 12 na mwalimu mmoja, kisha wakajiua wenyewe. Na ilipojulikana kuwa wote wawili walikuwa wapenzi wa Doom, mchezo wa kompyuta ambao mchezaji wake hupita vyumbani akipiga risasi kila kiumbe kinachomtokea mbele, watu wengi waliona kuwa sababu ya msiba imekwisha kupatikana. Tangu hapo, kila litokeapo shambulio la namna ile, swali lile lile huulizwa upya, na wazazi wa nchi nyingi, pamoja na wa kwetu ambao watoto wao hucheza michezo ya vita katika simu na katika vibanda vya gemu mitaani, wana haki ya kupata jawabu la insafu. Jambo la malezi halifai kukatiwa shauri kwa hofu wala kwa upendeleo. Sharti lipimwe kwa ushahidi, na ushahidi si haba, kwa kuwa wataalamu wa elimu ya nafsi wamelichunguza kwa miongo kadhaa.

Hofu ya wakubwa juu ya burudani za vijana ina historia ndefu, na sehemu moja ya historia hiyo ina funzo kwa kila mtafiti. Mwaka 1954 Fredric Wertham, tabibu wa magonjwa ya akili wa New York, alitoa kitabu kiitwacho Seduction of the Innocent, akidai humo kuwa vitabu vya katuni vyenye visa vya wahalifu na vya kutisha vinawapotosha watoto na kuwatia katika uhalifu. Kitabu kikasomwa sana, kamati ya Seneti ikaketi kusikiliza mashahidi, na wachapishaji, kwa kuogopa kuwekewa sheria, wakajitungia wenyewe kanuni kali za kuvisafisha vitabu vyao. Wertham alikuwa mtu wa huruma, aliyewafungulia maskini wa Harlem mahali pa kutibiwa, wala hapana shaka kuwa aliwapenda watoto aliowatetea. Walakini mwaka 2012 Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois, baada ya kuzipitia karatasi za tabibu huyo zilizohifadhiwa, alibainisha kuwa maneno ya watoto yalikuwa yamegeuzwa, kwamba habari za watoto mbalimbali ziliunganishwa zikawa kama za mmoja, na kwamba mambo mengine yaliyowasibu, ambayo yangaliweza kueleza shida zao, yaliachwa bila kutajwa. Mapenzi kwa mtoto ni sharti la malezi mema, lakini hayawezi kusimama mahali pa ithibati.

Jaribio lililopata sifa kubwa kuliko yote katika mlango huu lilifanywa mwaka 1961 katika Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Albert Bandura na wenzake waliwagawa watoto 72 wa chekechea mafungu matatu: fungu la kwanza lilimwona mtu mzima akimpiga ngumi, mateke na nyundo mwanasesere mkubwa aliyejazwa upepo, fungu la pili lilimwona mtu mzima akishughulika kwa utulivu na vitu vingine, na fungu la tatu halikuonyeshwa mtu. Watoto walipokwisha kuudhiwa kidogo kwa kukatazwa vitu vizuri vya kuchezea, kisha wakaachwa katika chumba alimokuwamo mwanasesere yule, wale wa fungu la kwanza walimpiga kwa namna ile ile waliyoiona, na baadhi yao wakakariri hata maneno waliyoyasikia. Hivyo ikathibitika kuwa mtoto huiga ukali wa mkubwa wake, jambo ambalo walezi walikuwa wakilijua kwa tajiriba. Lakini mwanasesere yule aliumbwa apigwe, tena kila akiangushwa huinuka mwenyewe, na kutoka kumpiga yeye hadi kumjeruhi mtoto mwenzake ni masafa ambayo jaribio lenyewe halikuyapima.

Masafa hayo ndiyo kiini cha mzozo wote uliofuata. Michezo ya kompyuta ilipoenea, watafiti walihitaji kipimo cha ghadhabu kisichomdhuru mtu, maadam si halali kuwachochea vijana wapigane ili matokeo yaandikwe. Na kipimo kilichotumika sana ni kumwambia mchezaji, akisha kucheza, ashindane na mtu aliye chumba kingine katika kubonyeza kitufe kwa upesi, ambapo anayeshinda humwadhibu aliyeshindwa kwa kumpigia kelele masikioni, kwa nguvu na kwa muda anaouchagua mwenyewe. Mshindani huyo kwa kweli hayupo, na kompyuta ndiyo inayojibu. Mwaka 2000 Craig Anderson na Karen Dill walitangaza kuwa wanafunzi wa chuo waliocheza Wolfenstein 3D, mchezo wa kuwapiga risasi askari wa Kinazi, walipiga kelele hizo kwa muda mrefu kidogo kuliko waliocheza Myst, mchezo wa kutembea na kufumbua mafumbo. Uchunguzi mwingine mwingi ukafuata, na mwaka 2010 Anderson na wenzake, baada ya kukusanya tafiti zilizohusu watu zaidi ya 130,000, wakahitimisha kuwa michezo ya ukatili huzidisha fikira, hisia na vitendo vya uchokozi, na hupunguza huruma.

Wapinzani wao, ambao Christopher Ferguson ni miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa, walileta hoja ambazo msomaji mwenye insafu hawezi kuzipuuza. Mtafiti wa Ujerumani Malte Elson alipokagua maandiko yaliyotumia kipimo cha kelele, aliona kuwa matokeo yamehesabiwa kwa njia zaidi ya 100 zilizo mbalimbali, wengine wakihesabu nguvu ya kelele, wengine muda wake, wengine kelele ya kwanza peke yake. Na mahali ambapo mtu ana njia nyingi za kuhesabu, ni rahisi mno, hata pasipo nia mbaya, kuichagua ile inayoafiki dhana aliyokuja nayo. Fauka ya hayo, uchunguzi ulioona taathira hupata wachapishaji kwa wepesi, na ule usioona kitu aghalabu hubaki katika saraka ya aliyeufanya, hata jumla ya yaliyochapishwa ikaonekana nzito kuliko ukweli ulivyo. Tena wavulana hucheza michezo ya vita kuliko wasichana, na wavulana hupigana kuliko wasichana hata mahali pasipo na kompyuta. Kwa hiyo anayewalinganisha wachezaji na wasiocheza bila kuliangalia hilo huenda akaulaumu mchezo kwa jambo lililotangulia mchezo.

Njia bora ni kuwafuata watoto wale wale kwa muda mrefu, na kuuliza kama waliocheza sana hapo mwanzo wamezidi kuwa wachokozi baadaye, baada ya kuhesabu walivyokuwa wakali tangu awali. Mwaka 2018 Anna Prescott na wenzake walikusanya tafiti 24 za namna hiyo zenye vijana zaidi ya 17,000, wakaona kuwa uhusiano upo, ila katika kipimo ambacho mwafaka kamili ni 1 na kukosekana kwake ni 0, uhusiano huo ulikuwa takriban 0.1, na ulipungua zaidi mambo mengine yalipotiwa katika hesabu. Mwaka uliofuata Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff waliwachunguza vijana wa Kiingereza 1,004 wenye umri wa miaka 14 na 15. Nao, ili wasijipendelee, waliandika na kutangaza mapema namna watakavyohesabu, wakautambua ukatili wa michezo kwa alama rasmi za umri badala ya kauli za wachezaji, na wakawauliza wazazi habari za tabia ya watoto badala ya kuwategemea watoto wenyewe. Hawakuona uhusiano wowote baina ya michezo ile na uchokozi. Nchini Ujerumani, Simone Kühn na wenzake waliwapa watu wazima kazi ya kucheza kila siku kwa miezi miwili, baadhi Grand Theft Auto V, ambao umejaa mauaji na unyang'anyi, na wengine The Sims 3, ambao ni wa kujenga nyumba na kuendesha maisha, na fungu la tatu halikucheza. Na katika watu 77 waliopimwa, hasira, huruma na tabia za wale wa kwanza hazikubadilika kupita za wenzao.

Mzazi aliyemwona mwanawe akirusha chini kidhibiti cha mchezo kwa hamaki atauliza ghadhabu ile inatoka wapi, na swali lake lina jawabu. Mwaka 2011 Paul Adachi na Teena Willoughby wa Kanada walilinganisha mchezo wa mapigano na mchezo wa mbio za magari uliokuwa na ushindani sawasawa nao, wakaona wachezaji hawakutofautiana katika kiasi cha pilipili walichomtilia mtu waliyeambiwa hapendi vyakula vikali. Kilichozidisha pilipili ni ushindani, uwe wa bunduki au wa magari. Mwaka 2014 Przybylski na wenzake walionyesha kuwa hata Tetris, mchezo wa kupanga vipande usio na adui wala damu, humtia mtu uchokozi ukiharibiwa makusudi ili asipate vipande anavyovihitaji. Kumbe moyo huchemka kwa kushindwa, kwa kuzuiwa na kwa kuona uwezo wake hautoshi, mambo ambayo yamo katika mpira wa miguu na katika karata kama yalivyomo katika michezo ya vita, na ambayo hupoa upesi mchezo ukisha.

Hayo yote yahusu kelele, pilipili na maneno makali. Juu ya ukatili wenyewe, ule wa damu na makaburi, ushahidi wa kuishtaki michezo ni dhaifu zaidi. Idara ya Marekani inayowalinda viongozi wa nchi, ikishirikiana na Wizara ya Elimu, ilichunguza mashambulio 37 ya shuleni yaliyofanywa na vijana 41, na katika taarifa yake ya mwaka 2002 ikaeleza kuwa asilimia 12 tu ya washambuliaji walijulikana kupenda michezo ya video ya ukatili, hali asilimia 71 walijiona wameonewa, wametishwa au wameumizwa na wengine, na asilimia 78 walikuwa wamewahi kufikiria au kujaribu kujiua. Mwaka 2008 ilionekana kuwa asilimia 97 ya vijana wa Marekani wa miaka 12 hadi 17 hucheza michezo ya video ya aina moja au nyingine. Na kitu kinachofanywa na karibu kila kijana hakiwezi kumtambulisha mmoja atakayeua. Hata Mahakama ya Juu ya Marekani, mwaka 2011, kwa kura 7 dhidi ya 2, ilibatilisha sheria ya California iliyokataza kuwauzia watoto michezo ya ukatili, ikaeleza kuwa tafiti zilizoletwa mbele yake hazikuthibitisha kuwa michezo ndiyo sababu ya vitendo vya uchokozi. Nayo Jumuiya ya Wanasaikolojia wa Marekani, ambayo ingali ikisema kuwa michezo hiyo ina uhusiano mdogo na mambo kama kupiga kelele na kusukumana, ilitoa tamko mwaka 2020 kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuihusisha na ukatili, na ikatahadharisha kuwa kuishikilia michezo kunawasahaulisha watu sababu zilizothibiti.

Tahadhari hiyo ndiyo nasaha kubwa kwetu. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walitangaza matokeo ya kukusanya tafiti 75 zenye watoto zaidi ya 160,000, wakaonyesha kuwa watoto wanaopigwa na wazazi kwa ajili ya adabu huwa na uchokozi na utovu wa nidhamu zaidi kuliko wasiopigwa. Ni kweli kuwa hesabu za namna hiyo nazo zina udhaifu, kwani mtoto mkaidi huenda akapigwa zaidi kwa sababu ya ukaidi wake. Lakini tafiti zilizowafuata watoto kwa miaka zimeonyesha mara kwa mara kuwa kipigo hutangulia na uchokozi hufuata. Nchini Tanzania, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa, kwa ngumi, mateke au mijeledi, kabla ya kutimiza miaka 18. Mzazi amchapaye mwanawe kwa bakora kwa kuwa amemkuta akipiga risasi za katika kioo, anamwonyesha kwa mkono wake yale anayomkataza kuyatazama, na Bandura alikwisha kutufahamisha ni nani mtoto humwiga.

Haya hayana maana kuwa kila mchezo ufunguliwe kwa kila umri. Picha za mauaji na mateso huweza kumtia mtoto mdogo hofu na kumkosesha usingizi, nazo alama za umri zinazotumika Ulaya, yaani 3, 7, 12, 16 na 18, ziliwekwa kwa ajili hiyo, ijapokuwa mchezo ukishushwa katika simu au ukinakiliwa kibandani alama hizo hazimfikii mzazi asiyeuliza. Kadhalika Shirika la Afya Duniani limeutambua kuwa ni maradhi uchezaji ambao mtu hawezi kuuzuia, anautanguliza mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea nao hali unamharibia masomo, kazi au jamaa zake. Basi mzazi anayetaka mtoto wake awe mpole ana kazi zilizo wazi: aketi naye aone anacheza nini na nani, achague naye kwa kuangalia umri, aweke saa ya kuanza na saa ya kulala, na amsaidie kustahimili kushindwa, lakini kabla ya hayo yote auondoe ukatili ambao kuuondoa kumo katika uwezo wake, ule wa bakora yake na wa ulimi wake, kwa kuwa huo ndio ambao elimu imeuonyesha ukimdhuru mtoto kwa yakini kubwa kuliko mchezo wowote aliowahi kuucheza.