Kutolewa Uwanjani: Nani Hutoa, na Nani Hurudisha?

Mhariri aliniomba niandike juu ya michezo, na bila shaka alitarajia nisifu ushindi wetu dhidi ya majirani. Hilo wengine wataliandika, tena kwa mbwembwe. Mimi nataka kueleza jambo linalotokea mara nyingi katika viwanja vyetu vya Kawangware, Kangemi na Dagoretti, na ambalo wengi hudhani wanalielewa hadi liwakute wao wenyewe. Jambo hilo ni kutolewa. Mchezaji hutolewa, kocha hutolewa, hata mzazi aliyekuja kutazama tu hutolewa. Je, nani ana ruhusa ya kumtoa nani? Na aliyetolewa hurudi kwa njia gani?

Nianze na kisa kilichonifanya nitafute majibu. Mimi ni kapteni wa timu ya chipukizi ya mtaa wetu. Muhula uliopita tulipanda matatu za 46 hadi mjini, tukacheza katika uwanja mmoja karibu na stesheni ya reli. Dakika za lala salama, tukiwa sare ya bao moja kwa moja, refa akatoa penalti dhidi yetu. Ilikuwa penalti halali. Nilikuwa karibu, niliona kwa macho yangu. Lakini baba ya winga wetu wa kushoto aliruka laini, akaingia uwanjani na kumsukuma refa kifuani. Kocha wetu, badala ya kumzuia, naye akaanza kumtukana refa kwa maneno ambayo mlezi wa chama hataniruhusu niyaandike hapa. Mzazi akaondolewa, kocha akaonyeshwa kadi nyekundu, penalti ikapigwa, tukafungwa. Tulirudi nyumbani kimya kama maji mtungini.

Sasa sikiliza. Jumanne jioni winga wetu alikuja mazoezini na viatu vyake mkononi kama kawaida. Mzee mmoja wa kamati akamwambia, "Wewe rudi nyumbani. Baba yako ametuaibisha." Basi. Hakuna barua, hakuna mkutano, hakuna siku ya kurudi. Jamaa hakuwa na kosa lolote, hata kadi ya manjano hajawahi kupata tangu tuanze kucheza pamoja darasa la sita. Nami kapteni mzima nilinyamaza, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Kwa hivyo siku hiyo watu watatu walitolewa. Wacha tuone sheria inasema nini juu ya kila mmoja.

Kwanza, kadi zenyewe si za kale sana. Katika Kombe la Dunia la 1966 kule Uingereza, nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, aliamriwa atoke uwanjani na refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein. Refa hakujua Kihispania, Rattín naye hakujua Kijerumani, akakataa kutoka kwa dakika kadhaa. Aliyekuwa akiwasimamia waamuzi, Mwingereza Ken Aston, alilifikiria jambo hilo akiwa ndani ya gari lake, akatazama taa za barabarani, akapata wazo: manjano ni onyo, nyekundu ni simama. Kadi zikaanza kutumika katika Kombe la Dunia la 1970 huko Mexico, na nyekundu ya kwanza ya Kombe la Dunia akapewa Carlos Caszely wa Chile mwaka 1974. Nilipolisoma hilo nilicheka kidogo, maana hapa Nairobi taa za barabarani zenyewe hatuzitii sana.

Mchezaji akipata nyekundu huondoka kabisa uwanjani na karibu na benchi, na timu yake hubaki pungufu. Wakipungua chini ya saba, mechi haiwezi kuendelea. Kwa mechi za vijana, tangu 2017 sheria inaruhusu pia adhabu nyepesi zaidi: anayestahili kadi ya manjano anaweza kuketi nje kwa dakika chache kisha akarudi. Sijawahi kuona refa yeyote huku kwetu akiitumia.

Kocha naye hakuwa akionyeshwa kadi zamani, alikuwa akiamriwa tu aondoke. Kuanzia 2019 sheria ilibadilishwa, sasa kocha anaweza kupewa manjano au nyekundu sawa na mchezaji. Kuna kifungu kimoja kilichonishangaza. Ikiwa kuna mtu katika benchi aliyefanya kosa na refa hajui ni nani, kadi hupewa kocha mkuu aliyepo. Yaani mkubwa anabeba kosa la wadogo. Ukiliangalia, ni kinyume kabisa cha lile lililotendeka kwetu, ambapo mdogo ndiye aliyebebeshwa kosa la mkubwa.

Na mzazi je? Hapa ndipo watu wengi hukosea. Refa hana kadi ya mzazi. Mzazi si mchezaji wala si wa benchi. Anachoweza refa ni kusimamisha mechi, au hata kuivunja kabisa, kwa sababu ya watu wa nje kuingilia. Kumtoa mtazamaji ni kazi ya walioandaa mechi. Wao ndio wenye uwanja siku hiyo, na wao ndio wanaoweza kumwambia mtu asirudi kwa wiki fulani. Mzazi mwenyewe akigoma kutoka, wanaoumia ni watoto, maana mechi ndiyo inavunjika.

Ngoja nirudi kwa winga. Huyu hakutolewa na refa, wala na waandalizi. Alitolewa na timu yake mwenyewe, na kutolewa kwa namna hii hakuna kadi, hakuna kipenga, hakuna anayeandika ripoti. Kuna wanaoachwa kwa sababu ya umri, na hapo sina neno, kijeba wa miaka ishirini hafai kucheza na watoto wa kumi na sita. Lakini wengine huachwa kwa kukosa mchango wa nauli, au kwa kuwa kocha mpya amekuja na vijana wake. Mara nyingi mtoto haambiwi hata sababu. Anakuja, anakuta jezi yake imevaliwa na mwingine.

Niliuliza, je, mtu kama huyu anaweza kukata rufani? Kenya tuna Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, ambayo iliunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Si jopo la mchezo, mwaka 2020 lilifuta uchaguzi wa Shirikisho la Soka la Kenya. Linaweza kusikiliza rufani za adhabu, na hata malalamiko ya mchezaji aliyeachwa nje ya timu ya taifa, iwapo kanuni za shirikisho lake zinaruhusu rufani hiyo. Mizozo mingine ya michezo hulifikia tu pande zote zikikubali kuipeleka huko, nalo jopo likubali kuisikiliza. Kwa hivyo timu ya mtaa kama yetu, isiyo na kanuni hata moja iliyoandikwa, iko mbali nalo. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inasema mtoto ana haki ya kucheza na kupumzika, lakini haisemi ni nani atampanga namba 11 siku ya Jumamosi.

Nikaanza kuuliza wengine hufanyaje. Mfano mzuri uko hapa hapa Nairobi, ng'ambo ya pili ya mji. Chama cha MYSA kilianzishwa Mathare mwaka 1987 na Bob Munro kutoka Kanada, na kinajulikana kwa kuzipa timu pointi za ligi zikisafisha mtaa. Lakini wana desturi nyingine nzuri zaidi, kwa maoni yangu. Mchezaji aliyepata kadi nyekundu hakosi mechi tu halafu akarudi na kiburi chake. Hutakiwa kwanza ashike kipenga awe refa katika mechi za watoto wadogo. Fikiria mtu aliyemtukana refa sasa anatukanwa yeye na mama za watoto wa miaka kumi!

Kumbe hata Marekani wamefikia hapo hapo. Mwaka 2023, ligi ya watoto ya Deptford, jimbo la New Jersey, iliona waamuzi wa kujitolea wanaacha kazi kwa sababu ya matusi ya wazazi. Huko hawachezi kandanda bali besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo na kukimbia, unaofanana na raundi za wasichana wa shule zetu za msingi. Wakaweka kanuni kwamba mzazi aliyefukuzwa uwanjani kwa kumtusi mwamuzi harudi hadi awe amesimamia mechi tatu kama mwamuzi. Sidhani watu wa Deptford walikuwa wamesikia habari za Mathare.

Tofauti ya MYSA na sisi si ukali. Wao pia hutoa watu. Ila anayetolewa anajua amekosa nini, anajua ni yeye aliyekosa, na anajua akifanya nini atarudi. Winga wetu hakupewa hata moja kati ya hayo matatu.

Basi, wiki mbili baadaye nilimtembelea kwao, nikamwomba radhi kwa kunyamaza kwangu. Aliniambia, "Si wewe uliyenifukuza," lakini hakunitazama. Kisha wachezaji tisa tukaandika karatasi moja kwa kamati. Tuliomba mambo machache: mtoto asitolewe kwa kosa la mzazi, anayetolewa aambiwe sababu mbele ya mtu wa kwao, na mzazi au kocha aliyetolewa arudi baada ya kushika kibendera katika mechi mbili za watoto chini ya miaka kumi na miwili. Yule mzee wa kamati alikasirika kwanza, ati tumekuwa mawakili. Mwenyekiti akaisoma yote, akaikunja, akaitia mfukoni.

Jumapili iliyopita kocha alishika kibendera, akapigiwa kelele za kuotea na mtoto wa darasa la tatu, akavumilia. Winga ameruhusiwa kurudi mazoezini. Amekuja mara moja tu, kwa sababu baba yake amesema hakanyagi uwanja ule kushika kitambaa cha watoto, na kwamba mwanawe naye asikanyage mpaka kamati imwombe radhi yeye. Kamati imekataa. Mimi nimeenda kwa mzee huyo mara mbili, nimenyweshwa chai mara zote mbili, na jibu sijapewa. Jumamosi tunacheza Kangemi saa tatu asubuhi, na upande wa kushoto bado hatuna mtu.