Somo la Leo: Sanduku la Bei Kubwa

Shikeni kalamu na daftari, maana leo tuna hesabu ya kutoa.

Somo letu lahusu michezo ya video, yaani michezo inayochezwa kwa mashine mbele ya televisheni. Huenda wewe huichezi, lakini kijana wako aipenda, na fedha aziomba kwako.

Mchezo mmoja waweza kuuzwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni mchezo peke yake. Namna ya pili huitwa toleo la wakusanyaji. Hili ni sanduku kubwa lenye mchezo pamoja na sanamu, ramani, kitabu cha picha au mapambo mengine. Bei yake yaweza kuwa mara tatu ya bei ya kawaida. Je, yafaa kulinunua?

Tutazame jambo lililotokea Marekani. Mwezi wa Novemba 2018 kampuni ya Bethesda ilitoa mchezo uitwao Fallout 76. Mchezo peke yake uliuzwa dola 60. Sanduku la wakusanyaji liliuzwa dola 200. Ndani yake mlikuwa na kofia kubwa ya kuvaa, vinyago vidogo 24, ramani, na mfuko. Tangazo lilisema mfuko ni wa turubai. Watu wengi walilipa kabla ya kuuona. Walipofungua sanduku, wakakuta mfuko wa nailoni nyembamba!

Wanunuzi wakalalamika. Kwanza kampuni iliwapa fedha za kutumia ndani ya mchezo tu, zenye thamani ya dola 5 hivi. Kelele zikazidi. Mwezi wa Desemba kampuni ikakubali kuwatengenezea mifuko ya turubai, nao wakaingoja hadi mwaka 2019. Hivyo ndivyo wahenga walivyotuonya juu ya kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa andikeni hesabu: 200 toa 60, inabaki 140. Dola 140 ndiyo bei ya kofia, vinyago, ramani na mfuko. Jiulize: kama vitu hivi vingeuzwa peke yake dukani, ningetoa dola 140? Ukijibu ndiyo, na chakula na ada ya shule vimekwisha lipwa, nunua ufurahi. Mtu anayependa sanamu nzuri hapotezi fedha kwa kuiweka sebuleni. Ukijibu hapana, nunua mchezo peke yake. Utachezwa vilevile.

Tena, soma orodha ya vitu vyote. Mwaka 2022 sanduku la mchezo uitwao God of War Ragnarök lilikuwa na kasha la chuma, lakini diski haikuwamo. Mnunuzi alipewa namba ya kuupata mchezo kwa intaneti. Diski waweza kumwazima jirani au kuiuza. Namba ikishatumika, imekwisha.

Wako wasemao, “Nitaliweka, baadaye nitaliuza kwa faida.” Machache hupanda bei, mengine hushuka. Usitegemee faida ambayo hujaiona.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Wanunuzi wa mwaka 2018 walilipa wakati gani?
2. Sanduku ni dola 150, mchezo ni dola 70. Mapambo ni bei gani?
3. Kijana wako akiliomba sanduku hilo, utamwuliza nini kwanza?

Kwaherini, tuonane katika somo lijalo.